Kuzifurahia kona kwa pikipiki: barabara ya Mombo hadi Lushoto

Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa pikipiki huiacha barabara kuu ya Segera–Moshi kwenye joto la tambarare, na baada ya takriban kilomita 33 za lami nyembamba huwa amepanda karibu mita 1,000 na kuingia kwenye baridi ya Milima ya Usambara Magharibi. Katikati ya hapo ni nadra kupata kipande kirefu kilichonyooka. Njia inakata ubavu wa mlima, upande mmoja ukiwa mwamba na upande wa pili bonde, na kona moja ikiisha nyingine imekwisha kuanza. Kwa mwendesha pikipiki anayejua anachokifanya, hii ni mojawapo ya barabara tamu kuliko zote nchini Tanzania. Kwa asiyejua, ni safari ya kukaza mabega na kubana pumzi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye tayari anaendesha, pengine kila siku kazini au sokoni, lakini akifika kwenye kona bado anaogopa au anabahatisha. Msimamo wangu ni kwamba utamu wa kona hautokani na mwendo mkubwa. Unatokana na kuingia kwenye kona kazi zote zikiwa zimekwisha, yaani mwendo umepunguzwa, gia imechaguliwa na macho yametangulia, ili ndani ya kona yenyewe ubaki na jambo moja tu, nalo ni kuilaza pikipiki na kuiacha izunguke. Mengine yote yaliyomo humu ni njia za kufikia hali hiyo.

Kuiandaa pikipiki

Huhitaji pikipiki kubwa. Zile Boxer, TVS na Haojue za kazi zinapanda Lushoto kila siku zikiwa na abiria na mizigo, na mtu mwenye pikipiki ya cc 125 anaweza kuifurahia njia hii kuliko mwenye pikipiki ya injini kubwa asiyeimudu. Fahamu tu kwamba hewa huwa nyepesi kadiri unavyopanda, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000, hivyo ukiona pikipiki yako imekuwa nzito huko juu usidhani imeharibika.

Kagua matairi kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi, ukifuata kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na usitegemee kulibonyeza kwa kidole gumba. Kisha tazama umbo la tairi la nyuma. Pikipiki iliyozoea barabara zilizonyooka hula tairi katikati peke yake, likawa bapa kama la gari, na tairi la namna hiyo likilazwa huvuka ukingo wa ubapa wake kwa ghafla, mtu akahisi pikipiki imedondokea ndani ya kona. Hata kama kashata, yaani mikato ya tairi, bado zinaonekana, tairi bapa litakunyima raha, na likiwa kipara kabisa litakunyima usalama pia.

Cheni isilegee kupita kiasi, kwa sababu cheni iliyolegea hupiga mshtuko kila unapoachia na kuvuta mafuta, na mshtuko huo ukitokea pikipiki ikiwa imelala unalitikisa tairi la nyuma. Inua gurudumu la mbele, lishike kwa chini ulisukume mbele na nyuma. Ukihisi mgongano mdogo kwenye shingo, beringi za usukani zinahitaji kukazwa au kubadilishwa na fundi. Breki zote mbili zifanye kazi. Wapo wanaoilegeza breki ya mbele kwa kuamini kwamba ndiyo inayoangusha watu, ilhali pikipiki inapopunguza mwendo uzito wake huhamia mbele, na breki hiyo ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha.

Kofia ngumu ifungwe mkanda kidevuni, yako na ya abiria, kama sheria inavyotaka. Vaa viatu vinavyofunika vifundo, koti na glavu. Glavu si urembo: Juni na Julai asubuhi za Lushoto ni baridi kiasi cha kufisha ganzi vidole, na vidole vyenye ganzi haviwezi kuibana breki kwa upole.

Jinsi pikipiki inavyopinda

Kabla ya kupanda mlima, tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, kikavu, kisicho na magari, uende kama kilomita 40 kwa saa katika njia yako. Legeza mikono. Sasa, kwa kiganja cha mkono wa kushoto, sukuma mshikio wa kushoto kwenda mbele kidogo sana, kama vile unaujaribu tu. Pikipiki italala kushoto na kuelekea kushoto. Sukuma wa kulia, itakwenda kulia. Watu wengi hushangaa, kwa sababu wanatarajia kinyume chake, lakini ndivyo pikipiki inavyofanya kazi inapokuwa kwenye mwendo: gurudumu la mbele likigeuzwa kidogo kulia, sehemu ya chini ya pikipiki hutoka kulia na uzito wote huangukia kushoto, kisha gurudumu lenyewe hugeuka kufuata mlalo. Kila anayeendesha hufanya hivyo bila kujua. Faida ya kulijua ni kwamba siku kona inapokuwa kali kuliko ulivyodhani, utakuwa na chombo mkononi cha kuongeza mlalo mara moja, badala ya kuegemeza mwili na kuomba.

Rudia zoezi hilo mpaka mkono ufanye bila kuulizwa. Magoti yabane tangi, viwiko vilegee, na uzito wa kiwiliwili ubebwe na kiuno na miguu. Anayening'inia kwenye usukani anauzuia kufanya marekebisho yake madogo, na hapo pikipiki huanza kuyumba, naye akazidi kuubana.

Baada ya mikono ni macho. Pikipiki huenda kunakotazamwa. Ukilikodolea macho shimo, jiwe au ukingo wa bonde, utalielekea, na jambo hili ni la kweli hata kwa watu wenye uzoefu mkubwa. Geuza kichwa chote, kidevu kikielekea mahali unapotaka kutokea, na uyaache ya karibu yaonwe kwa pembe ya jicho. Kwenye kona zinazogeuka karibu kurudi zilikotoka, ambazo ziko kadhaa kabla ya Soni, mji mdogo ulio njiani kati ya Mombo na Lushoto, hii ina maana ya kutazama juu ya bega lako mwenyewe, na mara ya kwanza inahisi kama kutelekeza barabara. Hisia hiyo hupita upesi.

Macho yana kazi nyingine, nayo ni kuisoma kona. Mbele yako kuna nukta ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Itazame hiyo. Kama nukta inakukaribia, kona inabana, nawe punguza. Kama inabaki umbali ule ule, mwendo wako unalingana na kona. Ikianza kukimbia mbele yako, kona inafunguka na unaweza kuvuta mafuta. Hii ndiyo alama ya kuaminika kuliko zote kwenye barabara usiyoifahamu, nayo haihitaji kibao.

Mwendo wa kuingilia

Mwendo mdogo unaoongezwa hubadilisha mambo kwa kiasi kikubwa, na hesabu yake inaonekana wazi. Chukua kona ambayo mzunguko wake una nusu kipenyo cha mita 20, aina ya kona iliyo ya kawaida milimani. Kwa kilomita 30 kwa saa, pikipiki itahitaji kulala takriban nyuzi 20, ambazo mtu yeyote anazimudu. Kwa kilomita 40 inahitaji takriban nyuzi 32, ambazo tayari ni mlalo wa kweli. Kwa kilomita 50 inahitaji karibu nyuzi 45, na kwenye pikipiki nyingi za kazi vyuma vya kukanyagia vitakuwa vimegusa lami kabla ya hapo. Kwa hiyo kati ya kona ya raha na kona ya hatari pana tofauti ya kilomita 15 au 20 kwa saa tu, tofauti ambayo kwenye barabara iliyonyooka usingeihisi.

Punguza mwendo pikipiki ikiwa bado imesimama wima. Breki zote mbili zianze kwa upole, ziongezeke, kisha ziachiwe taratibu unapoanza kulaza. Gia ishuke mapema, kabla ya kona. Mshiko wa tairi ni mmoja, na sehemu inayotumika kufunga breki haipo tena kwa ajili ya kupinda. Ukiwa umelala, shikilia mafuta kidogo tu, kiasi cha kuifanya injini iendelee kuivuta pikipiki bila kuharakisha. Hilo hutuliza shokapu na kuifanya pikipiki ikae kwenye mstari wake. Ukishaona njia ya kutokea, ongeza mafuta taratibu na pikipiki itainuka yenyewe. Huo mfululizo, ukifanyika bila mshtuko hata mmoja, ndio raha yenyewe, na utautambua kwa sababu utasikia injini ikiimba sauti moja inayopanda bila kukatika.

Ikitokea umeingia kwa kasi kupita ulivyokusudia, usikanyage breki kwa hofu. Tazama ndani zaidi ya kona, sukuma mshikio wa ndani uongeze mlalo, na mafuta yabaki pale yalipo au yapungue kidogo sana. Mara nyingi pikipiki ina uwezo wa kulala zaidi kuliko moyo wa anayeiendesha. Kama ipo nafasi, iinue wima kwa muda mfupi, funga breki kwa nguvu, kisha uilaze tena.

Kuna kanuni moja ambayo siikubalii mjadala: uweze kusimama ndani ya kipande cha njia unachokiona. Kwa kilomita 40 kwa saa, kwenye lami kavu, mtu aliye macho huhitaji mita 20 hadi 25 tangu anapoona kitu mpaka kusimama. Kwa kilomita 60 huhitaji karibu mara mbili ya hizo. Milimani kuna mbuzi, watoto wa shule, akina mama wenye mizigo ya kuni na bodaboda zilizoegeshwa kumshusha mteja, nao wote wana haki ya kuwapo nyuma ya mwamba unaokuziba.

Mahali pa kukaa barabarani

Kwa kuwa tunakaa kushoto, kona za kushoto na za kulia hazifanani. Kwenye kona ya kulia kaa upande wa kushoto wa njia yako, ukiacha kama mita moja kutoka ukingoni ambako mchanga hujikusanya. Utaona mbali zaidi, na kichwa chako hakitavuka mstari wa katikati pikipiki inapolala. Hili la kichwa husahaulika sana: magurudumu yanaweza kuwa upande wako wakati bega na kofia viko kwenye njia ya basi linaloteremka.

Kwenye kona ya kushoto, vitabu vingi hushauri kukaa karibu na mstari wa katikati ili kuona mbele zaidi. Kwenye barabara pana ushauri huo ni mzuri. Kwenye barabara ya Lushoto naupinga, kwa sababu magari marefu hayawezi kuzunguka kona kali bila kumeza sehemu ya upande wako. Kaa katikati ya njia yako, punguza zaidi, na piga honi kabla ya kona usizoona nyuma yake. Huko honi si ugomvi. Madereva wa pale wanaipiga na wanaisikiliza.

Kwa pande zote mbili, chelewa kugeuka. Kosa lililoenea kuliko yote ni kuilaza pikipiki mapema, mara tu kona inapoonekana kuanza. Anayefanya hivyo hugusa ndani ya kona mapema na hutupwa nje anapotokea, na nje ya kona ya kushoto ni upande wa wanaokuja, ilhali nje ya kona ya kulia ni korongo. Subiri mpaka uone kona inavyoendelea, ndipo usukume mshikio, mara moja na kwa uhakika.

Kupanda

Anza mapema, lakini jua liwe limekwisha kukausha lami. Kipande cha kwanza kutoka Mombo ndicho kinachopanda kwa ukali, na ndicho chenye kona nyingi zilizofichwa na mwamba. Tumia gia ya pili au ya tatu, injini izunguke kwa furaha, isilie wala isigugumie. Kwenye kona kali ya kushoto, kumbuka kwamba sehemu ya ndani ya kona huwa na mwinuko mkali kuliko ya nje. Ukiibana sana na gia kubwa, injini inaweza kukuzimikia pikipiki ikiwa imelala, na pikipiki iliyozima katika hali hiyo huanguka bila hiari. Shusha gia mapema na uizunguke kwa upana kidogo ndani ya njia yako.

Isome lami yenyewe. Lushoto inalisha masoko ya Tanga na Dar es Salaam kwa kabichi, karoti, viazi na nyanya, na mizigo hiyo huteremka kwa malori ya Fuso na Canter. Majani ya kabichi yaliyokanyagwa kwenye kona huteleza kama sabuni. Dizeli inayomwagika kutoka kwenye tangi lililojazwa mpaka mdomoni huonekana kama utepe mweusi unaong'aa, hasa nje ya kona, na mara nyingi pua huitambua kabla ya macho. Mahali palipo na kivuli cha mwamba au cha miti hubaki pabichi hata wakati kwingine kumekauka. Baada ya mvua tarajia mawe madogo na udongo mwekundu uliotiririka kutoka kwenye kingo zilizochimbwa, na mara nyingine mawe makubwa. Penye kitu cha namna hiyo, ipitishe pikipiki ikiwa wima kadiri iwezekanavyo, bila breki na bila kuongeza mafuta, kisha ulale baada ya kukivuka.

Soni ni mahali pazuri pa kusimama, unywe chai, uyatazame maporomoko ya maji na uyaguse matairi kwa kiganja. Yakiwa na vuguvugu, yameanza kushika vizuri. Kutoka hapo kwenda Lushoto bonde linafunguka na kona nyingi zinaonekana mpaka mwisho wake. Ningemshauri anayejifunza afanyie mazoezi ya ulaini kwenye kipande hiki, akiunganisha kona tatu au nne kwa gia moja bila kugusa breki kabisa, kwa kuachia na kuvuta mafuta tu. Zoezi hilo hufundisha kukadiria mwendo wa kuingilia kuliko maelezo yoyote.

Kuteremka

Kuteremka ni kugumu kuliko kupanda, na ningependa kila mtu apande njia hii akiwa na nguvu zilizobaki kwa ajili ya kurudi. Mlima unakusukuma, uzito umehamia gurudumu la mbele, na tairi la nyuma limekuwa jepesi kiasi kwamba breki ya mguu ikikanyagwa kwa nguvu gurudumu hufunga na kuburuzika.

Gia unayoitumia kupandia mahali fulani ndiyo uiteremkie, au iliyo chini yake. Injini ikishikilia mwendo, breki zinabaki kwa ajili ya kona peke yake. Breki za ngoma zikishikiliwa mfululizo kwenye mteremko mrefu hupata moto, ngoma hutanuka, na kishikio kinazidi kuzama bila pikipiki kupungua. Ukiona dalili hiyo au ukisikia harufu ya kuungua, tafuta mahali salama usimame mpaka zipoe, bila kuzimwagia maji. Zifunge kwa vipindi, kwa nguvu kiasi na kwa muda mfupi, kisha uziachie zipate hewa.

Usiteremke kwa frii, yaani bila gia yoyote. Najua mazoea haya yameenea miongoni mwa waendesha bodaboda, wakiamini wanaokoa mafuta, na najua mafuta ni ghali kwa mtu anayehesabu kila shilingi. Lakini pikipiki iliyo kwenye frii imepoteza kitu pekee kilichokuwa kikiishikilia mbali na breki, na haiwezi kutulizwa ndani ya kona kwa mafuta, kwa hiyo huyumba. Kiasi kinachookolewa kati ya Lushoto na Mombo ni kidogo mno kulinganisha na seti ya breki, achilia mbali mfupa.

Kaa nyuma kidogo kwenye kiti, bana tangi kwa magoti ili uzito usiangukie viganja, na ingia kila kona polepole kuliko ulivyoipanda. Ukiwa na abiria, mwambie kabla ya kuondoka atazame juu ya bega lako la upande mnaoelekea, kushoto kwenye kona ya kushoto na kulia kwenye ya kulia. Akifanya hivyo mwili wake utalala pamoja na wako. Abiria anayejiinua wima kwa hofu anaivuta pikipiki nje ya kona, na hakuna ufundi wa mbele unaoweza kumshinda.

Msimu na njia nyingine

Masika, Machi hadi Mei, ni wakati wa kuiacha barabara hii kwa wenye safari za lazima. Vuli pia huleta mvua za ghafla na ukungu mzito huko juu. Miezi ya Juni hadi Septemba, na kiangazi kifupi cha Januari na Februari, ndiyo inayofaa. Usiku sishauri kamwe, kwa sababu taa ya pikipiki humulika mbele yake wakati kona iko pembeni.

Aliyeimudu Lushoto atazipenda Mbeya hadi Chunya, na kwa upande wa Kenya ile inayoshuka kutoka Iten kupitia Tambach kwenda Bonde la Kerio na kupanda tena Kabarnet. Barabara ya mlima Kitonga, mkoani Iringa, ina kona nzuri, lakini malori ya barabara kuu ya kwenda Zambia yanaifanya isifae kwa mazoezi. Ipite kwa utulivu, bila kushindana kuyapita. Na atakayefika hadi milima ya Rwanda au Burundi akumbuke kwamba huko wanakaa kulia, hivyo yote niliyoeleza kuhusu kona za kushoto na za kulia yageuzwe.